Madaraja ya miguu ya Rungwe kwa siku moja: la lava, la magogo na la kebo

Safari hii ipange kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba. Kiangazi kinakatika, mijakaranda imechanua Mbeya mjini, mito imepungua hadi miamba inaonekana, na njia za vijijini bado zinapitika kwa bodaboda. Kero ya miezi hii ni moshi. Watu wanaandaa mashamba, wanachoma majani, na ukichanganya na vumbi, Mlima Rungwe unaweza kuupita ubavuni usiuone. Mvua ya kwanza ikishanyesha, hata ya siku moja tu, hewa inatakata. Ukiwa na uhuru wa kuchagua siku, subiri zile rasharasha za kwanza zipite, kisha nenda siku mbili tatu baadaye, kabla mvua hazijakolea. Ukichelewa kidogo zaidi utakuta na mibuni imetoa maua.

Usipime hali ya hewa ya Rungwe kwa kuchungulia dirishani ukiwa Mbeya. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ni kawaida kuacha vumbi Uyole ukakuta tope Kiwira. Mpigie mtu aliyeko huko jioni ya kuamkia safari umuulize maswali mawili: leo imenyesha saa ngapi, na mto una rangi gani? Kama mto umekuwa wa kahawia tangu jana, ahirisha.

Machi na Aprili achana nako. Maji yanakuwa mengi na picha zinakuwa kali, lakini mawe yanateleza, bodaboda zinazama kwenye tope, na kwenye vivuko vya magogo hutajua kilichopo chini ya miguu yako.

Kuondoka Mbeya

Magari ya Tukuyu na Kyela yanapatikana stendi ya Nanenane, upande wa Uyole. Noah zinajaa haraka asubuhi. Coaster zinasimama kila mahali. Uwe umeketi kwenye gari saa 12:30 asubuhi. Barabara ni ya lami, inapanda hadi Isongole kwenye baridi na ukungu, halafu inateremka kuelekea Kiwira, na mbele yake Tukuyu, kilomita kama 70 kutoka Mbeya mjini. Mwambie konda mapema kwamba unashuka Kiwira, la sivyo atakupeleka hadi Tukuyu na nauli ya kurudi ni juu yako.

Koti au sweta ni la Isongole, si la Kiwira. Hapo juu asubuhi ya Septemba vidole vinakufa ganzi, na saa mbili baadaye utakuwa unatoka jasho kwenye migomba. Vaa nguo tatu nyepesi badala ya jaketi moja zito. Viatu ndivyo vyenye uzito kwenye safari hii: raba zenye soli iliyochongoka na isiyokauka. Soli ngumu ya zamani inateleza kwenye lava yenye maji hata kama meno yake bado yapo. Mabuti ya mvua yanafaa kwenye tope, ila kwenye gogo hayakupi hisia ya unachokikanyaga. Ndala ziache kwenye begi, ni za kuvaa ukirudi.

Vingine vya kubeba: maji lita moja na nusu kwa kila mtu, mfuko wa plastiki mgumu wa simu, kitambulisho, noti ndogo ndogo, na fimbo ya urefu wa mita moja na nusu. Fimbo utaipata kwa mtu yeyote mwenye mianzi, kwa bei ya salamu. Kunywa chai Kiwira kabla ya kuondoka barabarani, na ubebe chapati na ndizi mbivu, kwa sababu huko mtoni usitegemee kukuta mgahawa.

Bodaboda mpatane bei ya mambo matatu kwa pamoja: kwenda, kukusubiri, na kurudi. Ugomvi mwingi unaanzia kwenye hilo neno kusubiri. Mweleze kwamba unataka Daraja la Mungu, lile la lava, kisha Kijungu, lile tundu la mtoni, kisha kivuko kimoja au viwili vya miguu anavyovijua, na kwamba utakaa mtoni saa mbili au zaidi. Mpe nusu ya hela mkifika, nusu mkirudi. Mkiwa wawili, chukueni pikipiki mbili. Mishikaki kwenye mteremko wenye changarawe si safari, ni kamari.

Daraja la Mungu

Hili liko magharibi ya barabara kuu, juu ya Mto Kiwira, na halikujengwa na mtu. Ni mwamba wa lava uliobaki umevuka mto kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Lava inapotiririka bondeni, juu inapoa na kuganda kwanza huku chini bado kuna moto na nafasi. Maji yakipata upenyo huo, yanaupanua miaka nenda rudi, na juu linabaki paa. Eneo lote hili ni la volkano: Rungwe yenyewe, Ngosi na ziwa lake ndani ya kreta, na Kyejo, ambayo lava yake ya mwisho ilimwagika karibu miaka 200 tu iliyopita. Kwa hiyo ukiambiwa umri wa daraja hili ni mamilioni mangapi, sikiliza kwa adabu, usinakili.

Anza na hili kabla ya mengine, kwa sababu ndilo linalodai muda. Wageni wengi wanafanya kosa moja: wanavuka, wanapiga picha wakiwa juu, wanaondoka. Ukiwa juu unaona majani na njia. Daraja lenyewe linaonekana kwa kulitazama kwa ubavu. Mwombe mwenyeji akuonyeshe mahali salama pa kusimama kwenye ukingo, uone unene wa mwamba, uwazi ulio chini, na maji yanavyotoka upande wa pili. Tazama matabaka: kuna sehemu mwamba umepasuka wima, na kwenye nyufa hizo mizizi imejipenyeza. Huko ndiko mawe yanakoanguka, kwa hiyo usikae chini yake kula chapati.

Ukiwa juu ya mwamba, kaa mita mbili kutoka ukingoni. Sababu ni ya kawaida kabisa: ukingo ndio unaorushiwa mvuke wa maji siku nzima, kwa hiyo ndio wenye ukoka na utelezi wa kijani, na mara nyingi mteremko wake unaanza kabla hujauona. Jiwe jeusi kavu linashika kiatu vizuri sana. Hilo hilo likilowa ni sabuni. Ukitaka kuchungulia chini, lala kifudifudi, na mtu akushike miguu. Watoto washikwe mkono, siyo waitwe kwa sauti.

Kwa picha, wingu ni rafiki yako. Jua la saa sita linafanya maji yawe meupe kupindukia na chini ya daraja pawe peusi tii. Asubuhi au siku yenye mawingu, simu inaona pande zote mbili. Ukitaka maji yaonekane laini, weka kamera ya simu ibaki wazi (shutter) kwa robo hadi nusu sekunde na uegemeze simu kwenye jiwe; mkono hauwezi kutulia muda huo.

Kijungu

Kijungu kiko kwenye mto huo huo, ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Hiyo inabadilisha utaratibu. Unaripoti getini, unatoa kitambulisho, unaandikisha jina, unaeleza shida yako, unasubiri. Usitoe simu kupiga picha geti, majengo, askari wala wafungwa. Piga picha ukishafika mtoni na ukishaambiwa ruksa. Ukitozwa kiingilio, hapo au kwingine, dai risiti. Vaa kwa heshima.

Mto hapa unabanwa kwenye mwamba na kuzunguka ndani ya tundu kama chungu. Mashimo ya namna hii huchongwa na mawe: jiwe gumu linanaswa kwenye kidimbwi, maji yanalizungusha, nalo linakula mwamba taratibu. Wakati wa kiangazi, ukiangalia vishimo vidogo vilivyo pembeni, unaweza kukuta mawe ya mviringo yamelala chini kabisa. Yaache.

Usiogelee Kijungu hata maji yakionekana yametulia. Maji yanayozunguka kwenye shimo lenye kuta laini yanavuta kwenda chini, na kuta hizo hazina pa kushika. Usiruke kutoka jiwe hadi jiwe kwa ajili ya picha.

Na angalia mto wenyewe. Mvua inaweza kunyesha milimani huku wewe una jua kichwani. Dalili ni tatu, na hazifuatani kwa mpangilio: maji yanaanza kubeba majani na vijiti, rangi inageuka, na sauti inakuwa nzito. Ukiona moja, panda juu. Usisubiri ya pili.

Vivuko vya magogo

Hapa ndipo siku inapopata utamu wake. Bonde la Kiwira na mito jirani, Mbaka na Lufilyo, ina vijito visivyohesabika, na watu wanavuka kwenda shamba, shuleni na gulioni kila siku. Cha kawaida kabisa ni ulalo: magogo mawili au matatu ya mkaratusi yamelazwa ng'ambo hadi ng'ambo, juu yake vipande vya mbao au mianzi, na wakati mwingine udongo. Uliza dereva akupitishe kwenye kile kinachotumiwa na wanafunzi. Kivuko kinachotumika kila siku kinatengenezwa. Kilichoota nyasi katikati kimeachwa kwa sababu.

Kabla ya kukanyaga, tazama ncha za magogo zinapokutana na ukingo. Gogo haliozi katikati kwanza. Linaozea pale linapolala kwenye udongo wenye unyevu, kwa sababu hapo halikauki kamwe. Ligonge kwa jiwe. Sauti kavu na ya juu ni gogo zima. Sauti ya debe, au jiwe likidumbukia kidogo, ni gogo ambalo limebaki ganda. Tazama pia kama gogo limefungwa au limelazwa tu, maana ambalo halikufungwa linaviringika ukikanyaga pembeni.

Kisha vuka hivi. Fungua mkanda wa begi wa kiunoni na uache bega moja tu, ili ukianguka begi likuache. Simu mfukoni wenye zipu. Fimbo iwe upande ambao maji yanatokea, usiiegemee kwa uzito wote. Geuza vidole vya miguu nje kidogo, hatua fupi, kisigino kitue juu ya gogo na siyo kwenye mwanya kati ya magogo mawili. Macho yawe mita mbili mbele. Ukitazama maji yanayopita, kichwa kinakudanganya kwamba wewe ndiye unayekwenda, na mwili unainama kujisahihisha. Ukishikwa na kizunguzungu katikati, kaa chini kama uliyepanda farasi, mguu huku na huku, na ujisogeze. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, bado umevuka.

Mwanzi ni mwepesi na una nguvu ukiwa mzima, lakini ukikauka sana unapasuka kwa urefu. Mpasuko mmoja mwembamba si kitu. Mipasuko miwili iliyokutana kwenye kifundo ni ya kuruka.

Heshima ya kivuko ni kwamba aliyebeba anapita kwanza. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani hawezi kusimama katikati akakungoja umalize picha. Kaa pembeni, msalimie kwa Kinyakyusa, "Mwagonile", naye akishapita ndipo uingie. Ukisaidiwa, "ndaga fijo" (asante sana) inatosha kuliko hela, ila ukiomba mtu akuongoze njia nusu siku, mlipe.

Madaraja ya kebo na ya mawe

Ukifika kwenye daraja la kuning'inia, usikimbilie katikati. Nenda kwenye nguzo na uangalie kebo inapofungwa. Kebo ikishazungushwa kwenye nanga, mkia wake unabanwa na klipu kwenye kebo yenyewe. Kwa kebo ya nusu inchi, yaani milimita 13, zinatakiwa angalau tatu, kila moja ikiwa kama sentimita 8 kutoka nyenzake. Na zina upande wake: kile kipande kizito chenye meno kinakaa kwenye kebo inayobeba mzigo, na ule upinde wa U unabana mkia. Zikigeuzwa, upinde unaikata kebo yenye kazi. Ukikuta klipu moja tu, au nati zimelegea hadi unazizungusha kwa vidole, geuka. Kutu nyepesi ya juu juu ni umri. Kutu inayobanduka kwa maganda pale kebo inapoingia kwenye udongo au zege ni hatari, maana hapo maji yanakaa na nyuzi zinakatika mmoja mmoja.

Halafu simama pembeni ulitazame daraja zima. Likiwa limelala upande mmoja, kebo za pande mbili hazina urefu sawa au nanga moja imesogea. Mbao kanyaga pale zinapokaa juu ya waya au fremu, si katikati. Mbao nyeusi yenye uyoga mdogo imekwisha hata kama haijavunjika.

Kwenye kuvuka, mtu mmoja mmoja ndiyo kanuni ya daraja usilolijua. Mkiwa kundi na daraja ni imara, achianeni nafasi na msitembee kwa hatua moja. Mwaka 1831 daraja la Broughton, Uingereza, lilivunjika askari walipolipita kwa gwaride. Hata wahandisi wa leo hilo liliwahi kuwapita: daraja jipya la waenda kwa miguu la Millennium, London, lilifunguliwa Juni 2000 likafungwa siku mbili baadaye kwa sababu lilikuwa linayumba kwa upande, na kila lilivyoyumba ndivyo watu walivyozidi kulikanyagia kwa mdundo wake. Lilifunguliwa tena 2002. Likianza kuyumba chini yenu, simameni, shikeni kamba, ngojeni litulie. Kukimbia ndiko kunakolichochea. Pikipiki ikiingia, toka kwanza: chombo na dereva wake ni zaidi ya kilo 150 zilizokaa sehemu moja.

Madaraja mapya utakayoyaona vijijini siku hizi ni ya zege, na katika mikoa kadhaa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, imejenga mengi ya mawe yenye umbo la tao. Haya yanastahili kuangaliwa kwa chini. Mawe yanasukumana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo tao linasimama bila nondo, na fundi wa kijijini akifundishwa analijenga kwa mawe ya hapo hapo. Udhaifu wake uko miguuni: maji yakichimba chini ya msingi, tao linapasuka. Ukiona ufa unaopanda kutoka chini, au jiwe la tao limeshuka kuliko wenzake, usipite na gari. Kuta za pembeni zikiwa zimebetuka, ni kifusi cha ndani kimeloa na kinasukuma nje.

Madaraja ya reli ya TAZARA, popote utakapoyakuta Nyanda za Juu Kusini, si ya kutalii kwa miguu. Hayana pa kukwepea, na treni ya mizigo haisimami kwa ajili ya picha yako.

Kurudi

Saa 9 alasiri uwe umemaliza vivuko, saa 10 uwe barabarani Kiwira. Mvua za huku katika miezi hii hupenda mchana na jioni, na njia ya udongo iliyokubeba asubuhi inaweza kukataa pikipiki baada ya nusu saa ya mvua. Magari ya kurudi Mbeya bado yapo hadi jioni, lakini yanapitia Kiwira yakiwa yamejaa kutoka Tukuyu na Kyela, na kusimama kwenye Coaster hadi Uyole ni adhabu. Pia ukungu wa Isongole unashuka giza likikaribia, na madereva wengine hawapunguzi mwendo. Ukichelewa kweli, ni afadhali uende mbele Tukuyu, upate chumba na ndizi nyama, urudi asubuhi.

Usichomeke Ziwa Ngosi kwenye siku hii. Kupanda kutoka Isongole kunakula nusu siku peke yake, na utafika kwenye vivuko ukiwa na magoti yanayotetemeka. Maporomoko ya Kaporogwe nayo yako upande wa pili, kusini ya Tukuyu; yanafaa ukilala.

Ukikuta mbao imevunjika, kebo imechakaa au gogo limeoza, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali, uweke tawi la majani mabichi kila upande kama onyo, kisha umtaarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla hujapanda gari. Mtaje mto na njia inakotoka na inakokwenda. Dereva wako wa bodaboda atakuwa na namba yake.